Jinsi ya kujua "get" ina maana gani kwenye sentensi

Funika "get" kwa kidole, usome kilicho kulia kwake. Maana iko huko. Kukariri orodha ya maana thelathini ni kujichosha bure, na programu ya tafsiri inayokurudishia "pata" kila mara ni heri uizime.

1. Likifuata jina la kitu, ni kupata au kupokea: "I got a letter." Kwenye barua rasmi andika "received". Ila "receive" ni kwa kilicholetwa tu. Kazi uliyoihangaikia ni "I got a job".

2. Pakifuata mahali, ni kufika: "get to the station". "Home", "here" na "there" hazitaki "to".

3. Ikifuata sifa, kama "wet" au "tired", ni kuingia katika hali. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu Kiswahili humaliza kazi hiyo kwa kitenzi kimoja: choka, lowa, kasirika. Matokeo yake kila kitu kinaandikwa kwa "am" na "is". Kipimo ni kiambishi cha wakati. Nguo zimelowa: "The clothes are wet", yameshatokea. Nguo zinalowa: "The clothes are getting wet", kimbia ukazianue. Nguo zililowa: "The clothes got wet." Vivyo hivyo nimeolewa ni "I am married", na naolewa Jumamosi ni "I am getting married on Saturday". (Unayefunga naye ndoa hutanguliwa na "to", kamwe si "with".) Tahadhari mbili. -na- ya mazoea haichukui "-ing": nikisoma usiku nachoka ni "I get tired when I read at night". Na njia hii ni ya sifa peke yake. "I want to get a teacher" maana yake unatafuta mwalimu wa kukufundisha. Kama unataka kuwa mwalimu, sema "become".

4. Kikifuata kitu kisha kitenzi cha hali ya kutendwa, kazi kwa kawaida imefanywa na mwingine. Sisi husema "nimeshona nguo" hata kama aliyeketi kwenye cherehani ni fundi. Kiingereza hakikubali: "I sewed a dress" ni mkono wako mwenyewe. Sema "I got a dress made". Kitu hutangulia kitenzi. "I got made a dress" ni kosa.

5. Akifuata mtu kisha kitenzi cha kile anachofanya, weka "to" kabla ya kitenzi hicho: "I got him to sign", yaani nilifaulu kumfanya atie saini. "Make" ndiyo isiyoitaka: "I made him sign".

6. "I've got a car" ni nina gari. "I've gotten a car" ni nimepata gari, na hiyo ni ya Marekani. Uingereza "got" hubeba zote mbili. Chagua upande mmoja, usichanganye ndani ya andiko moja.