SOMO: Kubadili prosesa ya ThinkPad T440p na kudhibiti joto lake

Wakuu, salaam. Hizi T440p za mtumba bado zimejaa madukani, nyingi zikiwa na prosesa (chipu kuu ya kompyuta) ya i5-4300M yenye kori 2, yaani sehemu 2 za kuchakata. Ni kati ya laptopu za mwisho ambazo prosesa hukaa kwenye soketi, kwa hiyo hutoka kwa mkono bila kutumia moto. Angalieni hiyo herufi p, maana T440 tupu prosesa yake imechomelewa.

Kabla ya kununua, tazama wati, maana wati nyingi ni joto jingi. Wengi hukimbilia i7-4700MQ ya wati 47, halafu wanalalamika feni inapiga kelele kutwa. Mimi nachagua i7-4712MQ: kori 4, 2.3 GHz hadi 3.3 GHz, wati 37, sawasawa na ile i5 inayotoka. Hitisinki (chuma cha kupoza prosesa) ya kiwandani inaimudu hata kwa joto la Dar mwezi wa pili. Tofauti ya 0.1 GHz kati yake na ile 4700MQ hutaiona kamwe.

1. Sasisha BIOS (programu ya ubao mama inayowasha mashine) kwanza, betri ikiwa imejaa na chaja imechomekwa. Umeme ukikatika katikati ya zoezi hili bila betri, ubao mama unaweza kufa.

2. Zima, toa chaja na betri, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 10 kumaliza umeme uliobaki. Gusa chuma kutoa umeme tuli mwilini.

3. Fungua mfuniko wa chini, halafu fremu yake. Skrubu zipange kwenye karatasi kwa jinsi zilivyokaa, kwani urefu wake haulingani.

4. Chomoa waya wa feni. Skrubu za hitisinki zina namba: unapolegeza anza na namba kubwa, unapokaza anza na 1. Kaza kidogo kidogo kwa zamu. Ukikaza upande mmoja hadi mwisho, hitisinki inakaa mshazari na joto halitapoa hata upake pesti (dawa ya kupitisha joto kati ya prosesa na hitisinki) ya bei gani.

5. Zungusha skrubu ya soketi kwa bisibisi bapa, inua prosesa wima. Pini ziko kwenye prosesa yenyewe, usizishike. Mpya iweke ukilinganisha pembe yenye alama. Inadondoka yenyewe mahali pake, usiikandamize. Funga skrubu ya soketi.

6. Futa pesti kuukuu kwa alkoholi ya isopropili, weka mpya kiasi cha punje ya mchele katikati, rudisha kila kitu. Kabla ya kuirudisha, feni ipulize vumbi ukiwa umeishikilia isizunguke.

Pima joto kwa programu ya HWMonitor. Kazi nzito ikikaa nyuzi 80 hadi 88 mimi naridhika. Kikomo cha chipu hii ni 100, na ikikaribia hapo inajipunguza kasi yenyewe.

MASWALI

Mkuu, yangu ni HP ya i5-6200U. Naweza kuweka i7?
Hapana kaka. Prosesa yenye herufi U mwishoni imechomelewa kwenye ubao. Hiyo hela nunua SSD na RAM, utaona mabadiliko makubwa zaidi.

Fundi wa mtaani kwetu anapaka dawa ya meno badala ya pesti. Ni sawa?
Siku za mwanzo itapoza, ikikauka imekwisha. Hama fundi.

Nimefuata hatua zote ila nikihariri video inagonga 97. Nifanyeje dada?
Rudi hatua ya 4 kwanza, mara nyingi tatizo liko pale. Kama imekaza vizuri, nenda mipangilio ya umeme ya Windows, shusha kiwango cha juu cha prosesa kutoka 100% hadi 99%. Turbo (kasi ya ziada ya prosesa) inazimika, joto linashuka sana, video itachelewa kidogo. Usipotaka kupoteza kasi, tumia programu ya ThrottleStop kupunguza volti za prosesa: anza na -30 mV, jaribu kwa kazi nzito, ongeza -10 kila mara. Siku ikiganda, rudi nyuma hatua mbili uache hapo.