Akiamka baada ya Narcan, bado hajapona

Nyinyi mliotoka Kisumu, Nakuru na Kakamega mkaja Marekani kutunza wazee, mgongo utawauma. Nyumbani ungeingia kemisti, ueleze, upewe. Huku dawa kali haitoki bila cheti cha daktari, basi mwenzako wa zamu anakutolea kidonge mfukoni. Vidonge vingi vya namna hiyo ni bandia, vimetiwa fentanili, dawa ya maumivu yenye nguvu mara 50 hivi kuliko heroini. Usimeze kidonge ambacho hukuandikiwa wewe. Na mtu akizidiwa na fentanili, Narcan, dawa ya kupuliza puani, humrudishia pumzi.

Aliyezidiwa haamki hata ukimsugua kifuani kwa ngumi. Anapumua kwa shida au anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida. Kwa ngozi yetu nyeusi tazama fizi na kucha: zinageuka kijivu. Mkoromo huo ndio unaofanya watu waseme "mwacheni apumzike", naye anakata roho.

Piga 911, namba ya dharura, sema hapumui vizuri na haamki. Mlaze chali, ingiza ncha ya Narcan puani mpaka vidole viguse pua, bonyeza. Usijaribishe hewani, kifaa kina dozi moja tu. Mpulizie pumzi mdomoni, moja kila sekunde 5. Zikipita dakika 2 au 3 bila nafuu, dozi ya pili kwenye tundu la pili.

Sasa hapa ndipo tunapopoteza watu. Ataamka akitapika, akitetemeka, mkali, akisema yuko sawa, gari la wagonjwa lirudi. Usikubali. Nguvu ya Narcan hudumu dakika 30 hadi 90 tu, na fentanili inaweza kubaki mwilini baada ya hapo. Narcan ikiisha nguvu, pumzi inaweza kukatika tena, safari hii mmeshalala. Narudia: usikubali, na usimwache peke yake.

Mama zetu na shangazi zetu, mkipigiwa simu usiku, msiseme "mpeni maziwa" wala "msituletee aibu ya polisi". Tunajua ni mapenzi, lakini maziwa yatampalia. Msiogope bili pia: tangu 1986 sheria inalazimisha idara ya dharura kumhudumia kila mtu, awe na pesa na karatasi au asiwe nazo. Bili ikija, dai fomu ya msaada wa malipo. Hospitali zisizo za faida lazima ziwe na utaratibu huo. Mchango wa kusafirisha mwili hadi Siaya hauna fomu. Majimbo mengi humkinga anayeita msaada asishtakiwe kwa dawa alizokutwa nazo, ila kinga hiyo haigusi uhamiaji. Hayo muulize wakili baadaye.

Wamarekani wanaweza kukaa miaka bila kumjua jirani, lakini Narcan utaikuta kwenye baadhi ya maktaba, hadharani, bila mtu kuulizwa kwa nini anaichukua. Uwazi huo sisi hatuna, na unatugharimu. Tangu 2023 inauzwa bila cheti, mwaka huo dozi mbili zilikuwa dola 45 hivi, na idara nyingi za afya za kaunti huigawa bure. Iweke sebuleni, si kwenye gari, na kila mnayekaa naye ajue ilipo.