Unataka kwenda Mafia? Anza na maji, nauli baadaye

Kila anayeulizia safari ya kisiwa cha Mafia anaanza na nauli shingapi. Nauli ni swali la tatu huko. La kwanza ni unaenda mwezi gani, la pili ni maji yanajaa saa ngapi pale Nyamisati, bandari ya kuvukia, ukishayajibu hayo mawili mengine yanajipanga yenyewe.

Tuanze na mwezi. Mafia inanyesha jamani, karibu milimita 2,000 kwa mwaka wakati Dar inazungukia kwenye 1,100, na nyingi inamwagika masika, Machi mpaka Mei, Aprili ndo usiseme. Hoteli nyingi za Utende, ufukwe wa wageni huko Mafia, zinafunga Aprili na Mei kwahiyo ukikuta bei ya kutupa kipindi hicho jua kuna sababu. Na masika hayaishi kistaarabu kila mwaka, mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipiga pwani mitaa hiyohiyo ya Mafia, usafiri wa baharini ukasimama. Juni mpaka Septemba mvua imepungua lakini kusi linavuma, bahari ya kuvukia inachafuka, kama wewe unatapika kwenye daladala ya Mbagala basi kusi si lako, ila ukivumilia ndo msimu wa kasa kuanguliwa kisiwa cha Juani na wale watoto wakikimbilia baharini ni kitu cha kuona. Vuli, Oktoba mpaka Desemba, mvua inapiga inaondoka, jua linatoka, unaendelea na mambo yako. Mimi nakwambia Oktoba na Novemba, au Januari na Februari kaskazi likiwa limetulia, na bahati nzuri ndo kipindi papa potwe, wale wakubwa wasiodhuru mtu, wanakuwepo upande wa Kilindoni, mji mkuu wa kisiwa.

Sasa njia. Ndege ndogo zinatoka Dar, ni kama nusu saa tu hewani, mzigo mara nyingi kilo 15 na wanataka begi laini, sanduku gumu la magurudumu waachie wa ndege kubwa. Kama hela ipo panda, sina la kuongeza.

Wengine tunapita chini. Unapanda gari Mbagala Rangi Tatu, barabara ya Kilwa, Mkuranga, unafika Bungu ndo unaiacha lami kuu unaingia kushoto kwenda Nyamisati. Masika kipande hicho cha kutoka Bungu ndo cha kuulizia kabla hujatoka nyumbani. Ukisikia barabara ya kusini imekatika usikate tamaa kabla hujauliza imekatika wapi, maana ikiwa ni Somanga huko ni ng'ambo ya daraja la Mkapa, wewe hufiki huko.

Nyamisati ipo ndani kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, siyo bandari ya kina kirefu, na hapa ndo watu wa bara wanachanganyikiwa. Maji yakitoka unakuta boti imelalia ubavu kwenye tope, abiria wamekaa juu ya magunia ya viazi, mama mmoja anauza chai na vitumbua, na hakuna anayegombana na mtu kwa sababu hata nahodha anasubiri maji kama wewe. Ukiambiwa "tunaondoka maji yakijaa" hiyo ndo ratiba yenyewe.

Ya kuhesabu ni haya. Siku za bamvu, yaani mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, maji yanajaa mida ya saa kumi, alfajiri na jioni, na saa nne asubuhi yako kupwa kabisa. Kila siku yanasogea mbele kama dakika 50. Kwahiyo baada ya wiki, siku za maji mafu, yaani yasiyojaa wala kupwa sana, yanajaa saa nne saa tano asubuhi. Mtu anayetaka kuvuka mchana kweupe aangalie kalenda ya Kiislamu, tarehe 8 mpaka 10 za mwezi au 23 mpaka 25, afu apige simu Nyamisati kuhakikisha chombo kinaondoka saa ngapi. Kuvuka ni masaa mawili mpaka manne kutegemea chombo na bahari ilivyoamka. Kuna kivuko cha serikali, MV Kilindoni, na kuna boti za watu. Vyovyote utakavyopanda vaa jaketi okozi kabla boti haijaondoka, usilikalie, na ukiona watu wamezidi shuka, hata kama umeshalipa. Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa soma jana yake na asubuhi yenyewe, wakitaja upepo mkali na mawimbi makubwa mwambao wa Pwani lala Dar.

Mzigo. Koti la mvua la kweli siyo lile la elfu mbili linalochanika kwapani. Mwavuli acha, kwenye boti utaupigania na upepo halafu upepo ushinde. Nguo funga kwenye mfuko wa nailoni ndani ya begi, simu na pawabenki kwenye mfuko wao peke yao, na kaa mbali na katikati ya turubai la boti maana maji yanajikusanya pale juu linatuna kama tumbo, mtu akilisukuma na mti yote yanamwagikia aliyekaa chini yake. Viatu ni vile vya plastiki. Chandarua na dawa ya mbu, usibishe.

Hela tembea na keshi ya kutosha ukitoka Dar. Benki ipo Kilindoni na mawakala wapo, lakini umeme na mtandao siku ya mvua kubwa vinaweza kukuangusha pamoja.

Ukishafika, Kilindoni mpaka Utende ni lami, kama kilomita 14, bajaji au bodaboda. Njiani kuna geti la Hifadhi ya Bahari, ile ya 1995, ya kwanza kwa nchi hii, unalipa kiingilio hapo. Beba kitambulisho cha NIDA kwa sababu mwananchi na mgeni hawalipi sawa, na risiti itunze. Wengi wanalala Utende kwa sababu ya kupiga mbizi, lakini kama bajeti ni ndogo gesti za Kilindoni zinatosha, na wanaokwenda kuona potwe wanaondokea hapohapo. Kisiwa cha Chole unavuka kwa boti ndogo kutoka ufukwe wa Utende, maji yakiwa kupwa utatembea ndani ya maji kwanza mpaka magotini ndo uifikie. Magofu ya mji wa kale wa Kua kule Juani yanataka maji yaliyojaa ili boti ipite kwenye mikoko, kwahiyo siku ya bamvu ukimwambia mtu wa boti "saa nne asubuhi" atakucheka. Muulize yeye saa, usimpangie.

Kwa potwe nenda asubuhi bahari ikiwa shwari, usimguse, usimkatize mbele, na boti ikimzunguka sana mwambie nahodha azime injini. Vaa kwa heshima mtaani, kisiwa ni cha Waislamu wengi, Ramadhani mchana usitegemee kukuta chakula barabarani. Siku za kawaida wali wa nazi na samaki haukosi, ukipata pweza shukuru.

Kurudi sasa, ambako ndo wengi wanabanana. Ulizia boti ya kurudi siku ileile unayofika, na usiunganishe na ndege ya Nairobi au Mwanza siku hiyohiyo unayovuka, weka siku mbili katikati, masika weka tatu. Kama umepanga kurudi Jumatatu, bosi mwambie Alhamisi.