Kuongeza naitrasi kwenye gari ya kutembelea bila kuua injini, kwa wa Tabora na Kigoma

Wakuu, hii ni kwa yule ambaye gari yake tayari imefungwa naitrasi (ile gesi ya mtungi ya kuongeza nguvu ya injini), labda seti ndogo ya hosipawa 35, ameitumia imetulia na sasa roho inamtuma apande 50 au 75. Kama bado hujafunga we soma tu, utajua unaingia wapi. Mfano wangu ni Mark II yenye 1JZ-GE VVT-i, ile isiyo na tabo, maana ni injini ngumu na spea zake zinapatikana, kiwandani ilitoka na hosipawa 200 na kompresheni (kiasi injini inavyobana hewa) ya 10.5 kwa 1. Mwenye Altezza ya 3S-GE ajue yake ina kompresheni kubwa zaidi, 11.5, kwa hiyo kila ninachosema hapa kwake ni kwa uangalifu mara mbili. Na mwenye D-4, zile zinazomwaga petroli moja kwa moja ndani ya sailenda, hii sio njia yake kabisa, mfumo wake wa mafuta hauchezewi kwa seti hizi za kawaida.

Kitu ambacho naomba ukishike kuliko vyote: naitrasi haiungui. Sio mafuta. Ni N2O, ikiingia kwenye sailenda ikakutana na joto kama nyuzi 300 na kuendelea inavunjika na kuachia oksijeni, na hiyo oksijeni ndo inakuruhusu uchome petroli nyingi zaidi kwa wakati uleule. Hewa ya kawaida ina oksijeni kama asilimia 23 kwa uzito, N2O ina 36. Nguvu yote unayoisikia mgongoni inatoka kwenye petroli ya ziada, sasa ukiongeza jeti ya gesi (kale katundu kanakopimia gesi inayoingia) na petroli ukaiacha palepale hujaongeza nguvu, umewasha tochi ya kuchomelea juu ya pistoni. Ndo maana utaratibu ni petroli kwanza, halafu plagi, halafu taimingi (muda wa cheche kuwaka), jeti ya gesi inabadilishwa mwisho kabisa, na watu wengi wanaanza na hiyo ya mwisho.

Kabla sijaendelea kuna swali limezoeleka magereji na linanitisha kweli. Dogo anakuja, "Kaka, kwani tusiunge tu oksijeni ya mchomeleaji, si ni ileile?" Hapana mdogo wangu, sio ileile hata kidogo. N2O inakuja na naitrojeni ambayo inatuliza mwako, na inatoka kwenye mtungi ikiwa kimiminika, inachemka kwenye nyuzi 88 chini ya sifuri, kwa hiyo inapoza hewa inayoingia. Oksijeni tupu haina hata kimoja kati ya hivyo, na oksijeni ya presha kubwa ikikutana na grisi au oili kwenye mpira au valvu, hiyo grisi au oili inaweza kuwaka yenyewe bila cheche. Mtungi wa kuchomelea ubaki kwa mchomeleaji, na mitungi ya naitrasi ya hospitali ni ya wagonjwa, usiiguse.

Haya, injini yenyewe. Pima kompresheni sailenda zote sita, zisipishane zaidi ya asilimia 10, kama moja iko chini malizana na hiyo kwanza, naitrasi haijawahi kutibu ringi zilizochoka. Angalia kama themostati ipo, maana huku kwetu gari ikichemsha mara moja tu fundi anaing'oa na kuitupa, sasa injini isiyo na themostati inachelewa kupata joto, kontroboksi (kompyuta ya injini) inadhani bado asubuhi na inacheza na mchanganyiko wa mafuta, utapima vitu na majibu yatakudanganya. Irudishe, weka kulanti sio maji ya bomba, badilisha filta ya petroli. Na petroli jaza sheli inayouza sana, tena ya daraja la juu kama ipo, usinunue ya madumu njiani, maana petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa inagonga (inalipuka ovyo ndani ya sailenda) hata bila naitrasi.

Sasa petroli, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo injini nyingi zinafia. Pampu iliyoko kwenye tenki la Mark II ina umri kuliko baadhi ya wanaoiendesha, na hata kama inafanya kazi vizuri kwa matumizi ya kawaida haimaanishi ina akiba. Funga geji ya presha ya mafuta kwenye reli (bomba linalogawa petroli kwa injekta), vuta waya au bomba lake refu uibandike geji nje ya kioo cha mbele (nje, sio ndani, petroli haiingizwi kwenye kebini), kisha injini ikiwa chini ya mzigo wa kanyaga mpaka mwisho, naitrasi ikiwa imezimwa, usome. Inatakiwa ikae karibu na psi 43 na isitikisike mpaka raundi za juu. Ikianza 43 ikamalizia 38, pampu imechoka, na hiyo ni bila gesi, ungeweka jeti ya 75 hapo ungeokota vipande.

Ya pili ni kupima solenoidi ya petroli yenyewe (valvu inayofunguliwa kwa umeme), kama seti yako ni ya maji, yaani ile inayomwaga petroli na gesi pamoja. Injini ikiwa baridi, gari iko nje kwenye uwazi, hakuna sigara wala jiko la mkaa karibu, valvu ya mtungi imefungwa kabisa, fungua bomba la petroli pale kwenye nozeli ulielekeze kwenye jagi lenye vipimo, washa pampu na ufungue solenoidi kwa sekunde 30 ukiangalia saa. Kwa jeti ya 50 unatarajia kama mililita 130 au zaidi, kwa 75 kama 190, na sindano ya geji ya presha usiione ikianguka wakati inamwaga. Tazama pia mkondo unavyotoka, uwe umenyooka na mzito. Ukitoka unakatakata au una mapovu kuna uchafu kwenye kale kachujio kadogo kwenye mdomo wa solenoidi, kafungue ukasafishe, mara nyingi utakuta uchafu mwekundu wa kutu ya tenki. Jagi likikupa pungufu, usiguse jeti ya gesi. Weka pampu mpya, na uipe waya wake mnene kutoka betri na rilei yake, kwa sababu waya wa zamani unakula volti na pampu mpya inakuwa sawa na ya zamani.

Plagi weka za baridi zaidi hatua moja, kwa NGK namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi kwa hiyo kama ni 6 weka 7, kwa Denso 20 unaenda 22. Ziwe za kawaida za nikeli, zile za platinamu zenye ncha nyembamba ziache maana ncha ikishika joto inakuwa kiwashio chenyewe. Geji ya plagi, yaani mwanya wa ncha zake, punguza kutoka 1.1 mm hadi kama 0.8.

Taimingi irudishwe nyuma kama nyuzi 2 kwa kila hosipawa 50 unazoongeza, kwa hiyo 50 ni nyuzi 2, 75 ni 3. Mwako wenye naitrasi unakimbia, ukiuwasha mapema kama kawaida presha inafika kileleni pistoni bado inapanda. Injini za distribyuta unazungusha kwa mkono na unaishi na taimingi hiyo muda wote, VVT-i inahitaji kiboksi cha kurudisha taimingi gesi ikifunguka tu. Kama huna hicho kiboksi baki kwenye 35, nasema kwa dhati.

Kuna jambo la raundi ambalo watu wanalipuuza halafu wanashangaa koneki rodi imetoka ubavuni mwa bloku. Jeti ya 75 inatoa hosipawa zilezile 75 iwe raundi 2000 au 5000, lakini toki, ile nguvu ya kusokota, haiko sawa: raundi 5000 ni kama Nm 107 za ziada, raundi 2000 ni karibu Nm 267, ambayo ni zaidi kidogo ya toki yote ya kiwandani ya hiyo 1JZ! Fikiria rodi inapokea mara mbili ghafla kwenye mwendo wa taratibu. Kwa hiyo funga swichi ya raundi, ifungue gesi kuanzia 3500 hivi na iifunge raundi 300 mpaka 500 kabla ya rimita (kikomo cha raundi cha injini), kwa sababu rimita inakata petroli na gesi ikiwa bado inaingia hapo ndo unachoma pistoni. Pamoja nayo swichi ya kanyagio inayowasha kanyagio likifika mwisho tu, na swichi ya presha ya petroli inayokata gesi presha ikishuka. Hizi tatu zikae kwenye mstari mmoja, moja ikikataa gesi isitoke. Na gia za otomatiki usiruhusu ifunguke inapobadilisha gia.

Sasa mtungi na hali ya hewa yetu, hapa maelekezo ya Wazungu hayatusaidii. Wao wanakwambia ununue hita ya kupasha mtungi. Presha inayotakiwa ni psi 900 mpaka 950, na mtungi kwenye nyuzi 20 unasoma kama 740, nyuzi 25 kama 820, nyuzi 30 kama 910. Kigoma mchana wa kawaida upo palepale bila kufanya lolote. Shida yetu ni kinyume, Oktoba Tabora umepaki juani buti limefungwa, ndani mule panapita nyuzi 40 bila shida, na N2O ikishavuka nyuzi 36.4 hakuna tena kimiminika, presha inaruka kulingana na ulivyojaza. Presha ikiwa 1100 gesi inaingia nyingi kuliko ulivyopima, petroli haijaongezeka, umerudi kwenye ile tochi. Nyingine solenoidi inashindwa hata kufunguka. Paki chini ya mwembe, bahati nzuri Tabora na Ujiji miembe haijawahi kuwa shida, funika mtungi kwa kitambaa kilicholowa, soma geji kabla ya kuwasha kitu chochote, ikizidi 1000 subiri. Asubuhi za Julai inaweza kusoma 650, hapo mchanganyiko unakuwa na petroli nyingi na gari inakuwa nzito, acha jua lipande, mtungi haupashwi kwa moto wa aina yoyote, hata maji yanayochemka usimwagie.

Mtungi ulale kwenye buti valvu ikitazama mbele ya gari na imeinuka kidogo, lebo juu, ili bomba la ndani linyonye chini nyuma ambako kimiminika kinakimbilia gari ikiondoka. Kwa IST na gari nyingine ambazo buti na kebini ni kitu kimoja, toa bomba la kupumulia kutoka kwenye valvu ya usalama mpaka nje ya bodi, maana ikipasuka mule ndani gesi inasukuma hewa nje na dereva analegea usukani ukiwa mkononi. Na hii gesi haivutwi kwa mdomo kwa furaha yoyote ile, ya magari nyingi imewekwa sulfa daioksaidi makusudi.

Jambo la mwinuko: Tabora ipo kama mita 1200 juu ya bahari, ziwani Kigoma ni kama 770, kwa hiyo injini ya Tabora imeshapoteza zaidi ya asilimia 10 ya nguvu zake kwa hewa nyepesi, lakini gesi ya mtungini haijui mwinuko, inatoa ileile. Maana yake 75 ya Tabora ni sehemu kubwa zaidi ya nguvu yote kuliko 75 ya pwani, usinakili jeti za mtu wa Dar ukadhani umemaliza.

Kupanda: 35, halafu 50, halafu 75, sio kuruka. Kila hatua unajaribu kwa sekunde chache gia ya tatu, kwenye eneo lililofungwa lenye kibali, mashindano ya magari nchini yapo chini ya AAT (chama cha magari Tanzania) na watu wa huko wanajua taratibu. Barabara ya Nzega au ya Urambo ina baiskeli za mkaa, ng'ombe na watoto wa shule, hapo sio pa kupimia. Geji ya waidibendi (inayoonyesha kilo za hewa kwa kilo moja ya petroli) isome kati ya 11.5 na 12, ikipita 12.5 inua mguu palepale. Ukimaliza zima injini hapohapo bila kuirudisha sailensi (kunguruma bila kukanyagwa), chomoa plagi zote sita uziangalie kwa lenzi juani. Kaure nyeupe safi au ya rangi ya maziwa yenye chai kidogo ni sawa. Ukiona vidoti vidogo vinavyong'aa kama chumvi, hiyo ni alumini ya pistoni, injini inagonga hata kama hukusikia, rudi jeti ya chini, rudisha taimingi nyuzi nyingine 2, upime petroli upya. Plagi nyeusi yenye masizi ni petroli nyingi, hiyo haiui, unapunguza taratibu.

Kwa pistoni za kiwandani kwenye hii injini mimi naishia 75. Zaidi ya hapo ni pistoni za kufuliwa, ringi zenye nafasi kubwa zaidi na gasketi ya hedi ya chuma, huo ni ujenzi mwingine na bajeti nyingine. Pima mtungi kwa mizani kila unapoutumia, 75 kwa sekunde 10 inakula kama gramu 300, ukibaki robo hivi acha, presha inashuka katikati ya mbio na vipimo vyako vyote vinakuwa havina maana. Mitungi ya alumini ya Marekani inapimwa upya kwa maji kila miaka 5, tarehe imegongwa shingoni, isome kabla hujanunua ya mkononi. Na ukifika nyumbani funga valvu ya mtungi kwa mkono, achia gesi iliyobaki kwenye bomba nje hewani, zima swichi kuu, ndo uingie ndani.