Utitiri unalala bandani, si mwilini mwa kuku

Mfugaji ananunua dawa ya unga, anashika kuku mmoja mmoja jioni na kuwapaka wote. Siku chache kuku wanatulia. Wiki mbili baadaye wanajikuna upya, upanga wa kichwani umepauka, na kuku aliyekuwa akiatamia ameyakimbia mayai. Lawama zinaiangukia dawa: imechakachuliwa, au imepitwa na muda. Mara nyingi dawa haina kosa. Kilichopakwa ni kuku, lakini utitiri mwekundu haukai kwa kuku. Unampanda usiku, unanyonya damu, na kabla hakujapambazuka umesharudi kwenye ufa wa ukuta, chini ya gome la fito wanazolalia kuku au ndani ya nyasi za kiota. Huko ndiko unakotaga. Kwenye joto letu, yai la utitiri linafikia kuwa mdudu mzima kwa takribani siku 7 hadi 10.

Kwa hiyo kabla ya kwenda duka la pembejeo, jua kwanza ni mdudu gani unaye, na analala wapi.

Ukaguzi wa utitiri unafanyika usiku. Subiri saa mbili au saa tatu, kuku wakiwa wametulia, uingie na tochi na kipande cha kitambaa cheupe. Kifute kitambaa upande wa chini wa fito, hasa pale inapokutana na ukuta au inapofungwa kamba. Kikitoka na michirizi myekundu, hiyo ni damu ya kuku wako, iliyotoka kwenye matumbo ya utitiri yaliyopasuka. Mchana unaweza kuchokonoa maungio yaleyale kwa ncha ya kisu: utaona unga wa kijivu, kama chumvi iliyochanganywa na pilipili manga, na ukitazama vizuri unga huo unatembea. Mdudu mwenyewe ni wa takribani milimita moja tu baada ya kushiba. Wanaolaza kuku jikoni huujua utitiri kwa njia nyingine, maana hata binadamu hunyonywa nao, na kuwashwa kwake hakusahauliki.

Chawa ni habari tofauti. Wao wanaishi, wanataga na kufa mwilini mwa kuku, na wakianguka chini hufa ndani ya siku chache. Mgeuze kuku mchana, pulizia kwa pumzi manyoya yaliyo kuzunguka njia ya haja: utaona wadudu wa rangi ya majani makavu wakikimbia, na mayai yameganda kwenye mashina ya manyoya kama vipande vya chumvi. Hapa kumpaka kuku dawa kunasaidia kweli, kwa sababu adui yuko palepale.

Viroboto wanaong'ang'ania huonekana usoni: nukta nyeusi au za kahawia kuzunguka macho, kwenye upanga na kwenye ndevu. Wafugaji wengi huwadhania ndui. Tofauti ni hii: ndui ni kigaga kigumu kilichoota kwenye ngozi, na ukikibandua kinaacha kidonda; kiroboto ukimvuta kwa kibano anatoka mzima na miguu yake. Vifaranga wakishambuliwa kwa wingi wanaweza kufa kwa kuishiwa damu. Wapake mafuta ya mgando juu ya makundi ya viroboto, ukikwepa mboni ya jicho, nao watakosa hewa na kufa. Ila mayai yao yameshaanguka kwenye vumbi la sakafu, na mabuu wanakulia humo. Mbwa na paka wa nyumbani nao hubeba viroboto haohao, hivyo kutibu kuku na kumwacha mbwa anayelala mlangoni mwa banda ni kazi bure.

Wa mwisho ni papasi, wale kupe laini wa kwenye nyufa za kuta za udongo. Nao ni wanyonyaji wa usiku, isipokuwa watoto wao, ambao hubaki wamejichomeka kwa kuku siku kadhaa, mara nyingi chini ya mabawa. Papasi mzima anaweza kukaa miaka bila kula, kwa hiyo banda lililoachwa wazi msimu mzima bado si salama. Tena hueneza ugonjwa wa homa unaoambatana na kuhara kijani na kupooza miguu, ambao kwa macho unafanana na mdondo (kideri). Kuku waliochanjwa vizuri dhidi ya mdondo wakianza kuhara kijani, angalia nyufa za ukuta, kisha mwite mtaalamu wa mifugo wa kata. Ugonjwa huo wa papasi unatibika kwa antibayotiki, mdondo hautibiki.

Siku ya kusafisha

Chagua siku ya jua, anza asubuhi mara kuku wanapotoka, ili jioni banda liwe kavu. Mtu mmoja anamaliza banda la kuku 20 hadi 30 kwa siku. Funika pua na mdomo kwa kitambaa, kwa sababu vumbi la kinyesi linaumiza mapafu.

Toa kila kitu kinachotoka: fito, viota, vyombo vya maji na chakula, matandazo yote. Nyasi za viota zichomwe, zisitupwe nyuma ya banda. Matandazo na kinyesi vipeleke kwenye rundo la mboji mbali na banda, ulilaze kwa tabaka na majani makavu, uligeuze mara kwa mara, na usiliweke kwenye mchicha kabla halijaiva. Kinyesi kibichi huunguza mboga.

Fito zimwagie maji yanayochemka, ukizungusha, hasa kwenye vifundo na nyufa, halafu zianike juani. Kama bado zina magome, huu ndio wakati wa kuyabandua yote. Fito yenye gome ni nyumba ya ghorofa kwa utitiri. Unaporudisha, fito ya unene wa sentimita 4 hadi 5 inatosha mguu wa kuku kushika vizuri. Mpe kila kuku sentimita 15 hadi 20 za kulalia. Usizichomeke ukutani. Zikae juu ya vigingi vyake zenyewe, na kila kigingi kisimame ndani ya kopo lenye oili chafu kidogo. Utitiri ulio ukutani utakosa daraja. Kuku wasiwe na njia ya kufikia oili hiyo.

Kuta na sakafu zikwangue kavu kwanza, kisha zioshe kwa maji na sabuni kama ni za saruji. Hapa watu wengi huruka hatua, wanamwaga dawa ya kuua vijidudu juu ya kinyesi. Uchafu unaidhoofisha dawa kabla haijafika mahali. Ukisha kuosha, klorini ya kufulia nguo, kikombe kimoja kwa vikombe tisa vya maji, inatosha kwa sakafu na vyombo. Usiichanganye na dawa nyingine, wala usiimwage juu ya kinyesi, maana hutoa hewa yenye sumu. Na usitegemee klorini kwa utitiri; kazi yake ni vijidudu vya magonjwa.

Banda la udongo halioshwi, linasiribwa. Changanya udongo wa kichuguu na samadi ya ng'ombe, ziba kila ufa wa kuta na sakafu, acha ukauke. Juu yake paka chokaa iliyokorogwa kama uji mwepesi, mara mbili ukutani, ukiisukuma kwa brashi kwenye pembe na sehemu ukuta unapokutana na mbao za paa. Vaa glovu na kinga macho. Sakafu ya vumbi yenye viroboto inataka zaidi: ondoa udongo wa juu sentimita chache, uutoe nje ya eneo la kuku, ndipo usiribe.

Kama utitiri ni mwingi, pulizia nyufa dawa ya pareto au ya permethrin iliyoandikishwa kwa mabanda ya mifugo, kwa kipimo cha kwenye lebo, kuku wakiwa nje, na waingie tu ikishakauka. Kisha rudia baada ya siku 7 hadi 10. Marudio haya ndiyo yanayoamua kila kitu, kwa sababu dawa nyingi haziui mayai. Ukirudia baada ya mwezi, walioanguliwa wameshataga. Dawa ya nyanya, ya pamba, ya kuogeshea ng'ombe au ya kuhifadhi mahindi isitumike kwa kuku. Zinaua kuku, na zikishindwa kumuua zinaingia kwenye yai unalompa mtoto.

Kumpaka kuku

Jioni hiyohiyo, kuku wanapoingia banda safi, ndio wakati wa unga. Njia isiyopoteza dawa ni ya gunia: weka unga wa kuku ndani ya mfuko wa salfeti, mwingize kuku shingo na kichwa vikibaki nje, shika mdomo wa mfuko kwa ulegevu shingoni, tikisa taratibu mara chache. Unga unapenya chini ya mabawa na kwenye shina la mkia, na macho na pua vinasalimika. Fuata kiasi cha lebo na siku ilizotaja za kutokula mayai. Kwa chawa, rudia baada ya siku 7 hadi 10 vilevile.

Miguu yenye magamba yaliyonyanyuka kama vigae vya paa lililochakaa ina utitiri wa aina nyingine, unaochimba chini ya ngozi. Iloweke kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni kwa dakika kumi, sugua taratibu kwa mswaki mkuukuu, paka mafuta ya mgando hadi magamba yafunikwe. Rudia mara mbili kwa wiki, kwa wiki tatu au nne. Usiyabandue, utamtoa damu. Mafuta ya taa yanayopendwa na wengi yanaunguza ngozi.

Majivu ya kuni yana nafasi yake: chimba shimo la sentimita 60 kwa 60, kina cha 30, chini ya paa, ujaze mchanga mkavu na majivu yaliyopoa, nusu kwa nusu. Kuku watajiogesha wenyewe. Mvua ikiingia, badilisha yote; majivu yaliyolowa huchubua ngozi. Shimo hili linapunguza chawa, halimalizi utitiri ulio ukutani.

Kiota cha kuatamia

Kuku anaatamia siku 21. Utitiri unazaa ndani ya siku 7 hadi 10. Kwa hiyo mdudu aliyeingia na nyasi siku ya kwanza anaweza kuona wajukuu kabla vifaranga hawajatotolewa, na mama wa watu hana ruhusa ya kuhama. Ndiyo maana kiota kinaandaliwa kabla hajakaa: sanduku la sentimita 30 kwa 30 lililomwagiwa maji ya moto na kukaushwa, majivu kidogo chini, juu nyasi mpya kavu. Kuku mwenyewe apakwe dawa siku mbili au tatu kabla ya kuwekewa mayai. Majani makavu ya mwarobaini chini ya nyasi ni msaada mdogo usio na madhara. Vifaranga wakitoka, choma nyasi siku hiyohiyo. Wakati wa mvua zungushia kiota majivu makavu au weka miguu yake kwenye makopo ya maji, maana siafu wakimkuta kuku juu ya mayai usiku mmoja unatosha.

Unyevu, mdondo na mgeni

Kamata konzi ya maranda au pumba za mpunga kutoka sakafuni, ibane. Ikishikamana kama tonge la ugali, imelowa kupita kiasi. Itoe, weka kavu za unene wa sentimita 5 hadi 8. Kwenye matandazo yaliyolowa vimelea vya kuhara damu huiva kwa siku moja au mbili tu, na vifaranga wa wiki tatu hadi nane ndio wanaokufa. Klorini haivigusi; ukavu na maji ya moto ndiyo kinga. Chombo cha maji kikae usawa wa mgongo wa kuku ili wasimwage, kisuguliwe kila siku, utelezi wote utoke.

Usafi hauzuii mdondo. Chanjo ya I-2, tone moja kwenye jicho moja, kila baada ya miezi mitatu, kwa kuku wazima na vifaranga, ndiyo inayozuia. Inastahimili joto kuliko nyingine, lakini isiachwe juani, na ikifunguliwa itumike siku hiyo. Wape dawa ya minyoo wiki moja hadi mbili kabla. Chanja wenye afya. Waliokwisha kuugua hawaokolewi na tone.

Kuku wa mnadani, wa zawadi, au wako mwenyewe aliyekwenda sokoni akakosa mnunuzi, asiingie bandani jioni hiyo. Mfungie kwenye tenga la peke yake, mbali na wenzake, siku 14. Mpake dawa siku ya kwanza na ya nane, na umhudumie wa mwisho baada ya wengine ili usiwapelekee ugonjwa kwa mikono na kandambili. Usiku wa 14 chukua kitambaa cheupe, ufute fito za tenga kwa chini. Kikitoka cheupe, na kuku anakula na kunya vizuri, kesho asubuhi mfungulie.