Kupandisha Laravel 6 kwenda 7 bila saa za tiketi kurudi nyuma

Hii ni kwa wenye sistimu za zamani bado ziko Laravel 6 (fremuweki ya PHP ya kutengenezea sistimu), mfano hizi za kukatia tiketi za mabasi hapa Tanga. Kuanzia vesheni ya 7, ile ya 2020, modeli (klasi inayosimamia jedwali la database) ikigeuzwa kuwa JSON (maandishi ya kutumia data kwenda programu nyingine) haitoi tena 2024-05-10 06:00:00, inatoa 2024-05-10T03:00:00.000000Z. Hiyo Z ya mwisho ndo yenye kazi, maana yake ni saa za UTC, saa ya msingi ya dunia, na sisi tuko masaa matatu mbele.

Anza na config/app.php, angalia timezone. Kama ni UTC basi lilobadilika ni umbo tu. Kama ni Africa/Dar_es_Salaam, kaa vizuri, hapo saa zenyewe zitatoka zimerudi masaa matatu nyuma.

Hatua ya pili, ita API moja (njia ambayo programu ya simu inachukulia data) kwenye vesheni ya zamani useve majibu yake, kisha ita ileile kwenye mpya ulinganishe. Usisubiri erori, haiji! Programu ya simu ya kondakta inayosoma saa kwa kukata herufi ya 12 hadi ya 16 itaendelea kukata kama kawaida, ila basi la saa kumi na mbili asubuhi pale stendi ya Kange litaandikwa 03:00, na abiria akija saa tisa usiku utamwambia nini. Tarehe tupu ndo balaa zaidi, tarehe 10 inatoka 2024-05-09T21:00, tiketi inasoma jana.

Hatua ya tatu, tengeneza trait moja (kipande cha kodi kinachotumika na modeli nyingi), iite kwenye modeli zote, ndani weka:

protected function serializeDate(\DateTimeInterface $date)
{
    return $date->format('Y-m-d H:i:s');
}

Saa zinatoka kama zamani. Database hata haijaguswa, shida yote iko kwenye kutoa tu.

Zile za siku tupu zipe cast yake (maelekezo ya umbo, kwenye $casts ya modeli), 'date:Y-m-d'. Na ukiona data ya DB::table (inayosomwa moja kwa moja kwenye jedwali) haijabadilika umbo usishangae, ile haipiti kwenye modeli.

Wapo watakaokwambia achana na trait, rekebisha programu za simu. Sawa, ila nani atawakimbiza makondakta wote waapdeti leo? Mi naona fungua API ya v2 yenye umbo jipya, wahamie taratibu, wakiisha ndo unaifuta trait.