Sprei ya pua ya aleji: jinsi ya kuipuliza mpaka ikusaidie, pua na macho

Watu wengi wanaorudi famasi kulalamika kwamba sprei ya pua haiwasaidii, ukiwaambia hebu nioneshe unavyopuliza unakuta dawa haina kosa. Mtu anainua uso juu anaangalia dari, anachomeka kichupa, anavuta kwa nguvu, dawa yote inateremka kooni anaimeza. Ukisikia uchungu kooni kila ukipuliza ujue ndo hivyo, dawa imepita pua haijakaa. Inaniuma sana kuona mtu katoa hela yake halafu bado anaamka na chafya mfululizo na macho mekundu, kwa hiyo naomba tuende taratibu.

Kwanza hakikisha una dawa yenyewe. Nazungumzia sprei za steroidi (dawa za kushusha uvimbe wa puani), yaani flutikasoni, mometasoni, budesonidi au beklometasoni, jina liko kwa maandishi madogo kwenye boksi. Zile za kuzibua pua hapohapo (oksimetazolini, zailometazolini) ni kitu kingine kabisa, usizivushe siku 3 mpaka 5 maana pua inazizoea na ukiacha inaziba kuliko mwanzo.

Na hili naomba ulisome mara mbili: kama unatumia ARV zenye ritonaviri au kobisistati, usijinunulie flutikasoni wala budesonidi. Hizo ARV zinazuia ini kuisaga steroidi, inajikusanya mwilini, mtu anavimba uso na tezi zake za juu ya figo zinalala, haziifanyi kazi yake. Mwambie mfamasia au kliniki yako, ndani bila watu kusikia, utatafutiwa nyingine, mara nyingi beklometasoni.

HATUA YA 1. Penga kamasi vizuri. Kama umeshinda kwenye vumbi au pua imejaa, osha kwanza na maji ya chumvi ya famasi, subiri dakika chache, dawa haiwezi kupenya kamasi.

HATUA YA 2. Tikisa kichupa. Kama ni kipya, au kimekaa zaidi ya wiki bila kutumika, bonyeza hewani mpaka utoke ukungu mwembamba. Kipya kinaweza kutaka mara 6 hadi 10, angalia karatasi yake. Wengi wanaruka hapa, siku za kwanza wanapuliza hewa tupu.

HATUA YA 3. Inamisha kichwa mbele kidogo, angalia vidole vya miguu. Usilale, usiangalie juu.

HATUA YA 4. Hapa ndo penyewe. Mkono wa kulia unapuliza tundu la kushoto, wa kushoto unapuliza la kulia. Ukivusha mkono hivyo, ncha ya kichupa yenyewe inaelekea nje, upande wa sikio au kona ya jicho la upande huohuo. Ule ukuta wa katikati ya pua una mishipa midogo ya damu iko juujuu sana, ukiupiga dawa kila siku unakauka, unachubuka, asubuhi unaona damu kwenye leso halafu unaogopa unaacha dawa. Ncha iingie kidogo tu, usiisukume ndani.

HATUA YA 5. Bonyeza huku unavuta pumzi polepole kama unanusa ua, toa pumzi kwa mdomo. Kwa flutikasoni na mometasoni mtu mzima kwa kawaida anaanza na mipulizo 2 kila tundu mara 1 kwa siku, akitulia anashuka kwenye 1. Mtoto dozi yake ni ndogo na umri wa kuanzia unategemea dawa, uliza kabla.

HATUA YA 6. Futa ncha, funga, usipenge kwa kama robo saa. Ikiziba ioshe na maji ya uvuguvugu, usiichokoe na pini. Na kila mtu na kichupa chake jamani.

Sasa subira. Unaweza kuona nafuu ndani ya siku ya kwanza lakini nguvu yake kamili inakuja baada ya wiki 1 mpaka 2, na ni ya kila siku, sio ya kupuliza ukizidiwa tu. Kama aleji yako inakuja na msimu wa vumbi au maua, anza kama wiki 2 kabla.

Macho je? Neva za pua na za macho zinawasiliana, pua ikiwaka macho nayo yanawasha na kutoa machozi, kwa hiyo uvimbe wa puani ukishuka macho mara nyingi yanatulia pia. Usipulize machoni! Na usijinunulie matone ya macho ya steroidi kama deksamethasoni bila kupimwa, yanaweza kupandisha presha ya jicho ukapoteza kuona. Mtoto anayefikicha macho kila siku na kukimbia mwanga, mpeleke kliniki ya macho.

Wanaoogopa neno steroidi: mpulizo 1 wa flutikasoni ya kawaida ni maikrogramu 50 tu na inayofika kwenye damu ni kidogo sana. Ila mwenye glakoma (ugonjwa wa presha ya jicho), mtoto wa jicho, kidonda puani au aliyefanyiwa upasuaji wa pua karibuni aongee na daktari kwanza.

Ukipuliza hivi kila siku kwa mwezi na bado, au pua inaziba upande mmoja tu, au inatoka damu mara kwa mara au usaha wenye harufu, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo akaangalie ndani.